Kosa Nililomwandikia Wifi

Wiki iliyopita, wasomaji, tuliachana nikiwa nimesimama jikoni na sahani mkononi, sikumbuki ilikuwa chafu au safi. Mume wangu alikuwa mezani, ameifungua barua ya kiwanda, anaisoma kwa mara ya pili kama mtu anayetafuta ukurasa uliopotea.

Anayenisoma leo kwa mara ya kwanza asipate shida, mambo ni machache. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali na hoteli. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye aliyenitafutia kazi hiyo, na kwa miaka minne tulisimama mashine moja ya kupigia pasi, mimi kushoto yeye kulia. Miezi mitatu kabla ya barua hiyo, mashine ilimvuta mkono wa kulia. Hospitali walimwachia kidole gumba na kile kidogo cha pembeni. Alikuwa bado anahitaji kupasuliwa tena, mwezi uliofuata, ili gumba lile liweze kushika kitu. Bila hivyo lingebaki pambo.

Barua ilisema kiwanda hakitahusika tena na matibabu yake. Sababu ilikuwa mstari mmoja: kwa mujibu wa fomu ya ajali, iliyojazwa papo hapo na mfanyakazi mwenzake ambaye pia ni ndugu yake, kosa lilikuwa la majeruhi mwenyewe.

Nakala ya fomu ilikuwa imebanwa nyuma ya barua. Mwandiko ulikuwa wangu. Sahihi ilikuwa yangu.

"Ni wewe uliyeandika hivi?" mume wangu akauliza.

"Ni mimi."

Hakupiga kelele. Angepiga ningepumzika. Aliikunja barua ikarudi kwenye mikunjo yake ya mwanzo, akaiweka chini ya redio, akaenda kuoga. Maji yalimwagika muda mrefu kuliko kawaida.

Wifi alikuwa anaishi kwetu tangu atoke hospitali. Ndoa yake ilikwisha zamani, watoto hakujaliwa, na mtu wa mkono mmoja hawezi kujifunga vifungo vya mgongoni. Kila asubuhi nilimwogesha, nikamvalisha, nikamchana nywele, ndipo niende kazini. Jioni nikirudi tunaanza upya. Asubuhi hiyo alitoka chumbani ametupia taulo begani, akanigeuzia mgongo nimfunge gauni, akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza kama kuna sabuni:

"Uliandika nini, wifi?"

Nikamwambia niliandika nilivyoelewa.

"Basi sawa," akasema. Akaongeza kuwa kifungo cha pili nimekiruka.

Jioni mume wangu alirudi na mwalimu, jirani yetu wa nyumba ya tatu, mzee aliyestaafu ambaye mtaa mzima humpelekea barua zenye Kiingereza kigumu. Mwalimu alivua kofia, akaomba mwanga zaidi, akaisoma fomu kuanzia juu hadi chini bila kuruka hata anwani. Alipofika kisanduku cha tatu akatabasamu.

Kisanduku hicho kina neno moja tu la Kiingereza, lile ambalo mafundi wamelizoea hadi wanalitamka folti, kama limezaliwa gereji.

Mwalimu akatueleza kuwa neno hilo lina sura mbili. Umeme ukikatika, wanaokuja na ngazi husema kuna folti kwenye laini, yaani hitilafu. Gari likigoma kuwaka, fundi hutafuta folti. Hapo hakuna anayelaumiwa, kinachotafutwa ni kilichoharibika. Lakini Mwingereza huyohuyo akikanyagwa mguu, akasema hiyo ni folti yako, sasa amehama kwenye mashine amekuja kwa mtu. Anakulaumu. Na kwenye fomu ya kiwanda, chini ya jina la mashine na namba ya mashine, kisanduku kilikuwa kinauliza hitilafu ya mashine. Hakikuuliza kosa la nani.

"Binti huyu aliulizwa kilichoharibika, akajibu aliyekosea," mwalimu akasema. "Ni neno limemponza. Wengi wanaanguka hapo."

Nyumba ikapata hewa. Mume wangu alinitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na machoni mwake hapakuwa na hasira tena, palikuwa na huruma, ambayo ilinikaa vibaya zaidi. Alisema hata yeye angeandika hivyohivyo. Alisema makosa ni ya kiwanda, kumpa mwanamke aliyetoka kuona damu ya wifi yake fomu ya lugha ya watu.

Wifi alikuwa kwenye kochi, mkono wenye bendeji umepakatwa juu ya mto. Akasema, "Mimi vidole vitatu vimeondoka bila kuaga, nyie mnahangaika na neno moja." Wote tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Mwalimu akaandika barua ya kupinga, mume wangu akaipeleka ofisi ya usuluhishi wa kazi, tukapangiwa siku. Kazi yangu mimi ilikuwa moja: nisimame mbele ya msuluhishi niseme sikulielewa lile neno. Kila jioni mume wangu alinikalisha akanifundisha kama mtoto anayekwenda kuanza shule. Sema uliona neno, ukadhani linauliza mkosaji. Sema ulikuwa umechanganyikiwa. Usiongeze kitu, mama watoto. Ukiongeza, wakili wao atashika hapohapo.

Nikajifunza. Nikaweza.

Sasa nitue mzigo ambao hata ninyi wasomaji niliwaficha, maana nimechoka kuubeba.

Neno hilo nalijua tangu nina miaka tisa.

Baba yangu alikuwa fundi wa mota za pampu na feni. Kila kilicholetwa dukani kilifungwa kikaratasi kwa uzi: jina la mwenye mali, tarehe, na folti. Mwandiko wa baba ulikuwa kama kuku amepita, kwa hiyo mwandishi nilikuwa mimi. Folti, waya umeungua. Folti, beringi imekwisha. Vikaratasi hivyo niliviandika hadi baba anafariki. Mume wangu alimkuta baba ameshafariki na duka limeshafungwa, akajua tu kwamba mkwewe alikuwa fundi. Hakuwahi kuuliza nani alikuwa anaandika.

Na kuna lingine. Wiki ile niliyosimulia ajali, niliwaambia mashine ilikataa kusimama. Haikukataa.

Mbele ya roli za moto, zile zinazoviringika kunyoosha mashuka, kuna chuma chembamba cha usalama. Mkono ukikigusa, mashine inasimama hapohapo. Chuma chetu kilikuwa kimelegea, kikawa kinasimamisha mashine hata shuka likikipapasa. Tunasukuma mashuka mawili, mashine inasimama. Tunaiwasha, mawili mengine, imesimama. Mzigo wa hospitali ulikuwa umerundikana hadi usawa wa kifua. Msimamizi wetu, ambaye tunamwita Bwana Saa kwa jinsi anavyoongea na saa ya mkono wake wa kushoto zaidi kuliko anavyoongea na watu, alikuja akasimama nyuma yangu.

"Kifunge hicho chuma mzigo utoke," alisema. "Fundi akija mtafungua."

Hakunipa karatasi. Hakuniita pembeni. Alisema kama mtu anayesema funga dirisha, akaondoka.

Nikachana utepe kwenye shuka lililokwisha, nikakifunga. Mashine ikaenda vizuri ajabu. Siku nne tulimaliza kazi mapema, tukasifiwa. Siku ya tano mkono wa wifi ukafuata ncha ya shuka iliyojikunja, na hapakuwa na kitu cha kuisimamisha mashine ila swichi ya ukutani. Niliikimbilia hiyo swichi. Ni hatua sita. Mpaka leo nazitembea.

Watu walipomzingira wifi, mimi nilirudi kwenye mashine nikafungua utepe nikautia mfukoni. Ndiyo. Wifi yuko chini analia na mimi vidole vyangu kumi vinafungua fundo.

Bwana Saa aliniletea fomu kabla gari la wagonjwa halijafika getini. Nikafika kisanduku cha tatu, kalamu ikasimama. Akainama. Akanong'ona kwamba nikiandika chuma kilifungwa, watauliza nani alikifunga. Akauliza nina watoto wangapi, wakati anajua.

Nikaandika: mfanyakazi mwenyewe, hakuwa makini.

Neno halikuniponza. Mimi ndiye niliyelitumia.

Siku ya usuluhishi tulikwenda watatu. Nilimvalisha wifi gauni lake la kijani, yeye akataka bendeji ibadilishwe iwe nyeupe, akisema hataki wamwone kama ametoka kwenye moto wa jikoni. Chumba kilikuwa kidogo, meza ndefu moja, feni inayotikisa kichwa bila kupuliza. Upande wa pili aliketi wakili wa kiwanda, kijana mpole mwenye faili nene, na pembeni yake Bwana Saa. Msuluhishi alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo, sauti ya chini, hana haraka.

Aliniuliza kama fomu niliijaza mimi. Nikakubali. Akauliza nilielewa nini kwenye kisanduku cha tatu.

Nikasema niliyofundishwa. Niliona neno, nikadhani linauliza mkosaji. Nilikuwa nimechanganyikiwa. Sikuongeza kitu. Chini ya meza mume wangu akanishika mkono, akaubana kidogo, kama kuniambia umeweza.

Msuluhishi akaandika. Nikadhani yamekwisha.

Wakili akaomba samahani, akatoa kwenye faili daftari lenye jalada jeusi. Nililitambua kabla halijafika mezani. Lilikuwa daftari la mashine yetu, ambamo kila tatizo huandikwa ili fundi aje. Nilikuwa nimelisahau, kama unavyosahau kitu unachokigusa kila siku.

Akasema kwa upole kwamba daftari lina kurasa tisa zenye mwandiko wa mama huyu. Kila ukurasa una safu yenye neno lilelile la Kiingereza. Na chini yake mama huyu ameandika: mkanda umelegea. Roli ya pili haipati moto. Taa ya swichi imekufa. Mara tisa amelielewa sawasawa. Ya kumi, siku aliyoumia wifi yake, ndiyo asilielewe.

"Sisemi zaidi," akasema, akaketi.

Mkono wa mume wangu ulikuwa bado juu ya wangu. Hakuuondoa. Uliishiwa nguvu tu, ukawa mzito kama wa mtu aliyelala.

Msuluhishi alivaa miwani, akalivuta daftari kwake. Alifunua ukurasa mmoja mmoja. Wakili alikuwa anapanga karatasi zake kama mtu anayekaribia kuondoka. Kisha yule mama akarudi nyuma ukurasa mmoja, akasoma kwa sauti:

"Folti: chuma cha usalama kimelegea, kinasimamisha mashine kila dakika. Fundi aje." Akatazama tarehe. "Hii ni wiki mbili kabla ya ajali. Na hapa tena, siku sita kabla. Fundi alikuja?"

Wakili akamwangalia Bwana Saa. Bwana Saa akasema fundi alikuwa na kazi nyingi.

"Kwa hiyo kiwanda kiliarifiwa mara mbili," msuluhishi akasema, na nikaona mgongo wa wakili ukinyooka. Lakini yule mama hakuwa amemaliza. Alivua miwani, akaniangalia mimi. "Ila kuna kitu sikielewi, mama. Chuma kilikuwa kinasimamisha mashine hata kwa kuguswa na shuka. Siku hiyo kimeguswa na mkono wa mtu mzima. Kwa nini haikusimama?"

Kuna swali unalisubiri miezi mitatu, usiku na mchana, ukiosha vyombo, ukipanga foleni, na likifika unakuta hujaandaa hata neno moja. Feni ilitikisa kichwa kwenda upande ule, ikarudi.

"Kilikuwa kimefungwa," sauti ikasema.

Ilikuwa ya wifi.

"Nilikifunga mimi," akaendelea, ametulia, mkono mweupe juu ya meza. "Kilikuwa kinatuchelewesha. Nilikifunga kwa utepe wa shuka la hospitali, lile lenye mstari wa bluu. Mafundo mawili, na la juu nililigeuza ndani lisionekane. Wifi yangu hajui kitu. Alipokuta nimeumia alijua nimejitakia, ndiyo maana akaandika alivyoandika."

Mume wangu akasema, "Dada, unasema nini?"

Mimi sikusikia alichojibiwa. Mstari wa bluu. Mafundo mawili, la juu limegeuzwa ndani. Hayo sikuwahi kumwambia mtu. Nilipokuwa nafunga, wifi alikuwa upande wa pili ameinamia kikapu, nikaamini hajaona. Kumbe aliona. Aliona nikifunga, akaendelea kusukuma mashuka pamoja nami siku nne. Amelala hospitali anajua. Kila asubuhi nimempaka sabuni mgongoni, nimemkausha kati ya vile vidole viwili, nimemchana nywele, na yeye anajua. Aliponiuliza niliandika nini, alikuwa ananipa nafasi niseme.

Na sasa alikuwa ananinunulia kazi yangu kwa gumba lake.

Wakili alishachukua kalamu. Alikuwa anaandika haraka, uso umechangamka, maana majeruhi amekiri mwenyewe kosa ni lake, na hapo hakuna upasuaji wala cha mwezi ujao. Bwana Saa alikuwa ameegemea kiti kama mtu aliyeshushiwa gunia.

Msuluhishi akanigeukia. Alisema mimi na wifi tulikuwa mashine moja. Akauliza kama hayo ni kweli.

Wifi akanikanyaga mguu chini ya meza. Alikanyaga kwa nguvu, vile mtu mzima anavyomkanyaga mtoto anayetaka kuongea mbele ya wageni.

Niwaambie ukweli, sikupata ushujaa. Watu hudhani ukweli unasemwa na jasiri. Mimi nilichoka tu. Nilichoka kama unavyochoka na ndoo ya maji, vidole vinafunguka vyenyewe.

"Si kweli," nikasema. "Nilikifunga mimi. Na nikakifungua mimi, yeye akiwa bado chini. Lile neno nalijua. Nilimwandikia wifi kosa langu."

Sikumtazama mume wangu. Nilimsikia akivuta kiti nyuma, taratibu, miguu ya kiti ikikwaruza sakafu.

"Na aliyeniambia nikifunge," nikasema, "ni msimamizi. Huyo hapo."

Bwana Saa hakushtuka. Alimwangalia wakili, wakili akamwashiria kwa kichwa aseme, naye akaongea kwa adabu kubwa kuliko niliyowahi kumsikia nayo. Alisema anasikitika. Alisema hajawahi kutoa amri kama hiyo kwa mtu yeyote. Kama aliitoa, kuna karatasi gani? Nani aliyesikia?

Nikasema wifi alikuwepo. Wifi alisikia. Kama aliona mafundo, basi na maneno aliyasikia.

Ilikuwa imeshanitoka kinywani ndipo nikaelewa nimesema nini.

Yule mama aliweka kalamu chini. Alimgeukia wifi, na sauti yake ikawa ya chini zaidi.

"Mama, dakika tatu zilizopita umeniambia hapa, na nimeandika, kwamba ulikifunga wewe na kwamba wifi yako hajui kitu. Ndugu yako anasema ulisema uongo. Sasa wewe huyohuyo ndiye shahidi pekee wa alichosema huyu bwana. Nikuulize, na nakuomba ufikiri kabla hujajibu: siku chuma kilipofungwa ulisikia nini?"

Wakili akatabasamu kidogo, akasubiri. Jibu lolote alikuwa nalo mfukoni.

Wifi hakunitazama mimi, wala Bwana Saa. Alimtazama kaka yake, na kaka yake alikuwa ameshasimama, ametugeuzia mgongo, ameshika kitasa cha mlango.

"Kaa chini kwanza," wifi akamwambia. "Nitajibu ukikaa."